Upande wa Kushoto wa Shingo ya Babu

Mama yangu na babu yangu mzaa baba waliishi kwenye uwanja mmoja tangu kabla sijazaliwa, na mpaka mwaka jana walikuwa hawajawahi kutazamana usoni. Siyo kwamba waligombana. Ni heshima. Kwetu Rungwe, hasa huku Lupepo ambako wazee bado wanashika mambo yao, mkamwana hakai sehemu moja na baba mkwe wake. Hamtazami, hamgusi, hataji jina lake, na baba mkwe naye vivyo hivyo kwake. Siku hizi wengi wameacha. Nyumba ya pili kutoka kwetu mkwe na mkamwana wanaangalia taarifa ya habari pamoja kwenye kochi moja. Babu alipoambiwa alitikisa kichwa, akasema, "Basi wamebakiza kuoga pamoja."

Nyumba ya babu iko juu, inaegemea migomba. Yetu iko chini, na jiko liko pembeni. Babu akitaka kukatiza uwanja anakohoa kwanza akiwa kwenye kona ya migomba, kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa wowote, na mama akikisikia anavuta kitenge kichwani na kuingia jikoni. Mama akitaka kwenda bombani anaita, "Jamani napita," na babu anageuza kiti chake kuelekea ukutani. Walifanya hivyo miaka yote, mvua inyeshe isinyeshe, bila kuchoka na bila chuki. Mimi nadhani walipendana sana, ila kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuiona.

Wa katikati nilikuwa mimi. Baba ni dereva wa lori, anapeleka ndizi na viazi Dar es Salaam, hapa nyumbani ni kama mgeni. Bibi alifariki nikiwa mdogo sana. Kwa hiyo chakula cha babu kilitoka mkononi mwa mama, kikapita mkononi mwangu, kikamfikia babu, na maneno vilevile. Mimi ni mtu wa aibu. Nipo kidato cha tatu pale Tukuyu, na mpaka leo mwalimu akiniuliza swali nasimama halafu sauti inakwama, darasa linacheka. Lakini maneno ya watu wengine nilikuwa nayabeba vizuri tu, hata yale ambayo hayakuhitaji kubebwa.

"Mwambie babu yako chai leo haina sukari, dukani wamefunga," mama anasema yuko jikoni, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Mwambie mama yako nimesikia," babu anajibu kutoka kwenye kiti chake.

Na mimi nimesimama katikati nimeshika kikombe. "Babu, mama anasema..."

"Mke wangu, mimi mzee, siyo kiziwi."

Aliniita mke wake, kama mababu wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Wangu alizidisha. Nikimpelekea ndizi ambazo hazijaiva vizuri alitishia kunirudisha kwetu na kudai ng'ombe wake.

Ilianza Jumapili moja asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Babu alikuwa ameshavaa koti, anakunywa chai. Nikaona kikombe kinainama taratibu kwenye mkono wake wa kulia, chai ya moto inamwagika kwenye suruali, na yeye anakiangalia kama kikombe cha mtu mwingine. Nikasema, "Babu, chai." Akafungua mdomo kunijibu. Kilichotoka hakikuwa Kinyakyusa wala Kiswahili. Yalikuwa maneno yaliyovurugika, kama redio ikiwa katikati ya stesheni mbili. Nilisimama tu. Halafu, kabla sijajua nifanye nini, akarudi. Mkono ukakunja vidole, ukakunjua, na sauti yake ikawa yake.

"Mkono ulilala," alisema. "Usimwambie mama yako."

Nilimwambia. Mama alikuja mpaka mlango wa jiko, akasimama akiupa uwanja mgongo.

"Mwambie babu yako kesho anaenda hospitali."

"Mwambie mama yako mkono umepona."

"Mwambie babu yako sijamuuliza habari za mkono."

Mama hakuwahi kumjibu hivyo. Kisha nikasikia babu anacheka peke yake, chini chini. "Mwambie mama yako," alisema, "leo amenipata."

Daktari wa Tukuyu alikuwa kijana, mpole, ana tabia ya kuongea na mgonjwa kana kwamba wako kijiweni. Alimpima presha, akamwambia anyooshe mikono, atabasamu, aseme anakotoka. Kisha akaweka kile kipimo cha kusikilizia moyo kwenye shingo ya babu, kulia, halafu kushoto. Kushoto alikaa muda mrefu.

"Babu, huku kuna mlio."

"Mlio wa nini, dakitali?"

"Damu inapita kwa shida. Ni kama maji kwenye mpira uliokanyagwa." Akanigeukia na mimi. "Umewahi kupika wali ukashika chini?"

"Muulize vizuri huyo mke wangu," babu akasema. "Ule ambao haujashika ndio wa kuuliza."

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatueleza kwamba kwenye mishipa mikubwa ya shingo, ile inayopeleka damu kwenye ubongo, mafuta yanaweza kujibandika ukutani kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa ukoko. Mtu hasikii kitu. Hatari ni pale ukoko unapobana njia, au unapobanduka kipande kikapanda kichwani. Alidhani Jumapili ile kipande kidogo kilipanda kikayeyuka chenyewe.

"Kingine kinaweza kisiyeyuke," alisema. "Hicho sasa ndicho kiharusi. Kinachukua mkono, mguu, maneno. Mkono wa kulia na maneno vinaamriwa na upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mimi nautaka upande wa kushoto wa shingo. Nataka uonekane."

Kipimo chenyewe kilikuwa Mbeya. Alisema hakichomi wala hakikati, ni altrasaundi kama ya wajawazito, ila inapitishwa shingoni. Picha ingeonyesha njia imebaki kiasi gani, na ukoko ni mgumu au laini, maana ule laini ndio unaobanduka. Wakishajua, ndipo wangeamua kama vidonge vinatosha au apelekwe Dar wakausafishe mshipa kabla jambo halijatokea. Akamwandikia vidonge vya kuanzia, tukavinunua duka la dawa la Msasani, palepale Tukuyu, babu akaviweka mfuko wa ndani wa koti.

Kwenda Mbeya mama hakuweza kutusindikiza. Siyo kwamba hakutaka. Ingebidi wakae gari moja na babu, benchi moja, foleni moja. Alinifungia ndizi za kuchoma na maziwa ya mgando, akanivalisha kitenge chake kwa ajili ya baridi, akasema, "Usiogope kuuliza." Aliijua aibu yangu.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, taa zimepunguzwa. Mpimaji alikuwa mwanamke, bado kijana, amevaa barakoa na nguo za bluu za hospitali. Alimlaza babu, akamfungua vifungo vya juu, akamgeuza kichwa. Alisema yeye huwa anaanza na upande wa kulia. Akampaka jeli.

"Mnanipaka mafuta kama nyama ya kuchoma," babu akasema.

"Tukimaliza tunakuweka chumvi, mzee."

Akapitisha kifaa. Kwenye kioo kukawa na ukungu wa kijivu, halafu mstari, halafu rangi nyekundu ikawa inapita na kupotea, inapita na kupotea, na mashine ikatoa sauti ya kuvuma kwa mapigo. Aliniita nisogee. "Mdogo wangu, njoo uone. Huu ni ukuta wa mshipa. Hapa kuna ukoko kidogo, lakini mgumu, na njia iko wazi. Kwa umri wake si mbaya." Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Nilijua upande wenyewe ni wa pili, lakini nikawaza, kama huku ni kuzuri, basi na kule Mungu atasaidia.

Alikuwa anafuta kifaa ahamie kushoto. Nadhani alitaka tu kumtuliza mzee. Alikuwa ameisikia lafudhi yake, akamsalimia kwa Kinyakyusa, na babu akafurahi, akaitikia kwa kirefu. Kisha wakafanya kile ambacho watu wa kwetu wakikutana hawawezi kujizuia kukifanya, wakaanza kutafutana ukoo.

"Mzee umetoka Rungwe sehemu gani?"

"Lupepo."

"Kumbe. Baba mkwe wangu ana kaka yake Lupepo."

"Baba mkwe wako anakaa wapi?"

"Kyela. Ana shamba la kokoa, karibu na barabara."

Mpimaji hakutaja jina la baba mkwe wake, na nadhani kwa hilo peke yake babu alijua amelelewa wapi.

"Ana kovu hapa?" babu akauliza, akagusa kidevu chake.

"Analo. Aliangukia..."

Hakumalizia. Niliona mkono wenye kifaa umesimama hewani. Mzee wa Kyela ni mdogo wake babu, mtoto wa baba yake mdogo, wamelelewa pamoja. Babu alikuwepo kwenye harusi ya huyu dada, alitoa ng'ombe, lakini uso wa bibi harusi hakuuona kwa sababu siku ile ndipo alipoanza kuwa mkwe wake. Sasa alikuwa amelala mbele yake, shati wazi, shingo imepakwa jeli na vidole vyake.

Dada aligeukia ukutani. Akakunja magoti kidogo, kama wakamwana wanavyofanya mbele ya wakwe. Babu naye akageuza uso upande wa pazia.

"Mwanangu," dada akaniambia, na hakuniita tena mdogo wake, "mwambie mzee hapa kazini mimi sina mkwe. Ninapima maaskofu, ninapima wafungwa."

Nilitazama huku na huku. Yaani hata Mbeya. "Babu, anasema..."

"Mwambie mkwe wangu kazi yake nimeipenda."

"Mwambie upande uliobaki ndio wenyewe. Ndio ulioandikwa na daktari."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie nitakaa nyuma ya kichwa chake. Nitaangalia kioo tu, yeye sitamwangalia. Wewe utamfunika uso kwa hicho kitenge."

Hapo babu alifikiri. Nilimwona. Aliangalia kitenge cha mama kilichokuwa begani kwangu, akakiangalia sana. Kisha akainuka akakaa, akajifuta jeli kwa mkono wa koti.

"Mwambie mkwe wangu Mungu ambariki," alisema. "Upande mmoja amenigusa hatujui, hilo si kosa la mtu. Huu wa pili tutakuwa tunajua wote wawili."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa anafuta machozi juu ya barakoa. Akasema mwenzake wa kiume yuko likizo, anarudi Jumanne ya wiki inayofuata, basi mzee aje Jumanne, asikose. Babu akasema mwambie Jumanne nitakuwepo. Na alikuwa na maana hiyo, babu hakuwa mtu wa kudanganya. Kwenye korido dada alinifuata kwa mbali, akanivuta pembeni, akanishika mabega. "Mkono ukilegea, mdomo ukipinda, maneno yakigeuka, msisubiri Jumanne. Kimbieni. Umenielewa? Mwambie na mama."

Nikamwambia mama kila kitu. Babu alirudi mchangamfu, akawaambia majirani kwamba upande mmoja amefaulu, umebaki mtihani wa pili. Mama alikuwa anamenya ndizi. Alipofika sehemu ya kitenge aliacha kumenya.

"Angemshika tu," alisema. Akachukua ndizi nyingine. "Hapana. Na mimi ningekataa."

Jumamosi, kabla ya hiyo Jumanne, nilienda mashineni kusaga. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Wanaume karibu wote wa upande wetu walikuwa kwenye maziko kitongoji cha pili. Nilipokuwa narudi na unga kichwani niliiona kwa mbali nguo ya mama mahali ambapo sikuwahi kumwona amesimama. Alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba ya babu. Ameupa mlango mgongo, kitenge amekivuta mpaka machoni, mikono imeshika miimo ya mlango huku na huku.

"Baba," alikuwa anasema. Mwenyewe, bila kumtuma mtu. "Baba, kohoa. Kohoa tu nijue."

Ndani kulikuwa na sauti, na haikuwa kikohozi.

Mama aliponiona aliongea haraka. "Nimesikia sahani imeanguka. Anaongea lakini hayaeleweki. Nimeita kwa jirani, hakuna mtu. Ingia umwangalie mdomo."

Unga nilimwaga hapohapo. Babu alikuwa sakafuni katikati ya kiti na kitanda, mkono wa kulia umelaliwa. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja, kama mtu amemvuta kwa kamba. Alinitambua. Alitazama mlangoni, akakiona kivuli cha mama, na ule mkono wa kushoto uliokuwa mzima ukaanza kusukuma hewa. Unasukuma, unasukuma. Nilielewa. Alikuwa anasema asiingie.

"Mama," nikasema, "umepinda."

Mama aliingia kinyumenyume. Akapiga hatua hivyo, mgongo mbele, mpaka alipoufikia mguu wa babu. Halafu akageuka. Babu alimwangalia, na mama alimwangalia, kisha babu akafumba macho. Mama akachuchumaa. "Niwekee mgongoni," alisema. Tukamfunga na kitenge kama mtoto. Babu hakuwa mwepesi. Mama alipanda naye njia ya migomba mpaka barabarani, anateleza kwenye tope, anainuka, kichwa cha babu kinagonga bega lake, na njia nzima alikuwa anarudia neno moja, "Nisamehe, nisamehe." Kulikuwa na pikapu inabeba parachichi. Tukamlaza katikati ya makreti.

Sijui mama alisimama pale mlangoni muda gani kabla sijafika. Baba alipokuja kutoka Dar hakuuliza. Na mimi sikuuliza.

Tukuyu walimpa huduma ya kwanza wakatusafirisha kwa gari la wagonjwa. Mbeya wakampiga picha ya kichwa, wakaona sehemu kubwa ya kushoto imekosa damu. Daktari wa wodi, mama mtu mzima mwenye miwani, akasema shingo lazima ionekane leo hii, kama ukoko bado unaning'inia kinaweza kupanda kipande kingine. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Yule wa Jumanne bado alikuwa likizo. Wakampigia simu yule dada, naye alitoka kanisani, akaja na nguo zake za kanisani, akavaa koti la hospitali juu yake.

Aliishia kwenye pazia.

"Mwanangu, muulize mzee."

Niliinama sikioni mwa babu. Nikamwambia, babu, mkwe wako wa Kyela yuko hapa, anataka kuangalia kushoto, unakubali? Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yananisikia. Nilisubiri ule mkono wa kushoto, uliokuwa unasukuma jana. Ulikuwa juu ya shuka, umetulia, na sikujua kama umetulia kwa kukubali au kwa kuchoka.

"Hajajibu," dada alisema.

"Hawezi kujibu," daktari akasema. "Tuendelee."

"Najua hawezi," dada akasema. Lakini bado alisimama kidogo.

Kichwa cha babu kilikuwa kinaangukia kushoto kila mara, shingo inajificha. Daktari akaniambia nikigeuze kulia nikishikilie. Basi mimi ndiye niliyemgeuza. Nilitandika kitenge cha mama usoni kwake, kile kile alichokikataa, nikaweka viganja vyangu kwenye mashavu yake. Shavu moja lilikuwa linapambana na mkono wangu, la pili lilikuwa halina habari. Dada alikaa nyuma ya kichwa, akanyoosha mkono, macho kwenye kioo tu kama alivyoahidi.

Sauti ya mashine haikuvuma. Ilipiga mluzi, mwembamba, wa juu. Kwenye kioo kijivu kilikuwa kimejaa karibu njia nzima, na pembeni yake kulikuwa na uzi wa rangi unapita kwa shida. Na kile kijivu kilikuwa kinatikisika. Kila pigo linapopita ncha yake ilikuwa inapepea.

"Laini," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kilikuwa hapa muda wote."

"Mwanangu, mwambie mzee," dada akaanza. Nikainama nisubiri maneno. Hayakuja. Alikuwa anaendelea kupima, anaandika vipimo, na machozi yanamdondokea kwenye mapaja. Kitenge nacho, chini ya viganja vyangu, kililowa upande mmoja.

Waliona haina maana tena kumpeleka Dar. Ubongo ulikuwa umeshaumia sana, wakasema kusafisha mshipa sasa kungemuumiza zaidi. Tukarudi naye Lupepo. Wiki ya kwanza mama alipomlisha alifunga mdomo, akawa anafungua kwangu tu, kwa hiyo nikawa naenda shule kwa kuchelewa na kuwahi kurudi. Siku moja nilirudi nikakuta bakuli tupu. Mama alikuwa amekaa nyuma yake kitandani, anatazama ukuta, mkono umepita juu ya bega la babu na kijiko, anautafuta mdomo kwa kupapasa. Na babu anameza. Hakupata tena neno hata moja. Alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha, usingizini, mama yupo chumbani.

Kwenye msiba dada wa Mbeya alikuja na mume wake. Alipomaliza kusalimia hakukaa na wageni. Alifunga khanga, akaja nyuma ya jiko ambako mama alikuwa anaosha masufuria makubwa ya watu, akainama akaanza kusuuza. Walikuwa hawajawahi kukutana. Mimi nilikuwa nawaletea maji.

Waliosha sufuria baada ya sufuria. Halafu dada akasema, "Dada, siku ile ningemshika tu."

"Angekataa," mama akasema.

"Ningemlazimisha. Nilikuwa nimeshaweka jeli. Ilikuwa imebaki kugeuza mkono tu."

"Mzee yule hakuwa wa kulazimishwa."

"Ningemdanganya basi. Ningesema baba mkwe wangu ni wa Njombe."

Mama aliacha kusugua. Akakaa na majivu mikononi, anatazama nyumba ya juu ambako wanaume walikuwa wanashusha viti kutoka kwenye gari.

"Mwenzangu," alisema, "wewe ulikuwa na jeli. Mimi nilikuwa na mlango wazi."

Mama akaendelea, bila kupandisha sauti, kama anamweleza mtu njia ya kwenda bombani. "Sahani ilianguka ndiyo kwanza naweka maharage motoni. Huyu aliponikuta pale mlangoni maharage yalikuwa yanachemka."

Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilitaka kusema kitu. Nilikifikiri, nikakipanga, na sauti ikakwama kama inavyokwama darasani. Dada alinyoosha mkono wenye maji akaushika wa mama wenye majivu. Wakakaa hivyo, masufuria katikati yao, mpaka wakaitwa kwamba wageni wa Kyela hawajapata chai.